Lenzi ya uso na lenzi ya karatasi

Swali hili haliishi: kwa picha za sura, ninunue lenzi ya makro au praimu? Kwanza tuweke mambo sawa. Praimu ni lenzi isiyo na zumu, basi. Makro nyingi nazo hazina zumu, kwa hivyo ni praimu pia. Tofauti iko kwenye kazi ambayo kila moja iliundiwa, na hapo historia inatusaidia.

Daguerre alipotangaza njia yake ya picha mjini Paris mwaka 1839, lenzi zilizotumika zilikuwa za f/15 hivi. Giza tupu! Mtu alikaa juani dakika kadhaa bila kutikisika. Kule Vienna, profesa wa hisabati Joseph Petzval akaamua kulitatua tatizo kwa hesabu badala ya kubahatisha na vioo. Hesabu zilikuwa nyingi mno, basi Ludwig wa ukoo wa kifalme wa Austria akamwazima wapiga mizinga 8 na makoplo 3 waliojua kukokotoa. Sisi waandishi wa programu tuwapigie saluti, maana wao ndio waliokuwa kompyuta!

Mwaka 1840 Voigtländer akaitengeneza lenzi hiyo: f/3.6, mwanga zaidi ya mara 10. Dakika zikawa sekunde. Kasoro yake? Katikati safi, kingoni ukungu. Nani angelalamika? Uso uko katikati.

Makro ilizaliwa kwa shida nyingine. Herufi za Kijapani zina vistari vingi, na nyaraka zilipohifadhiwa kwenye filamu ndogo vilipotea. Mwaka 1956 Nippon Kogaku, ambayo leo ni Nikon, ikatoa Micro-Nikkor ya mm 50, f/3.5, ya kunakili ukurasa bapa kona hadi kona.

Kwa hivyo makro husoma uso kama hati: kila kipele, kila kunyanzi. Ukitaka pia kupiga pete ya bibi harusi au mdudu kwenye jani, itakufaa. Na mchana kweupe, ukifunga zote mbili hadi f/8, sidhani utaona tofauti kubwa. Lakini jioni sebuleni mambo hubadilika. Praimu ya mm 85 yenye f/1.8 huingiza mwanga zaidi ya mara 2 kuliko makro ya f/2.8.

Kama pesa zako zinatosha lenzi moja na kazi yako ni watu, mimi nasema praimu. Shida ya Petzval ndiyo yako: mwanga.