Gome Moja, Njia Mbili

Mwaka 1790 daktari mmoja Mjerumani, Samuel Hahnemann, alikuwa akipata riziki kwa kutafsiri vitabu. Udaktari ulikuwa umemchosha. Aliona wagonjwa wakitolewa damu, wakitapishwa, wakinyweshwa zebaki, kisha wakizikwa, na akaona heri kalamu. Kitabu kilichokuwa mezani kwake kilikuwa cha William Cullen, profesa wa tiba wa Edinburgh, kuhusu dawa na kazi zake. Alipofika kwenye gome la mti wa kwinini, hakukubaliana na mwandishi. Cullen alisema gome hilo huponya homa kwa sababu ni chungu na hukaza tumbo. Hahnemann aliona maelezo hayo hayatoshi, maana vitu vichungu ni vingi na vingi vyao havitibu homa. Basi akafanya jambo ambalo watafsiri hawalifanyi: akainywa dawa aliyokuwa akiitafsiri.

Aliinywa mara mbili kwa siku, kwa siku kadhaa, akiwa mzima wa afya. Aliandika kwamba miguu na ncha za vidole vilipoa, moyo ukaenda mbio, mwili ukatetemeka. Kila shambulio lilidumu saa mbili au tatu, likaondoka, likarudi alipokunywa tena. Kwake yeye hizo zilikuwa dalili za homa ileile ambayo gome lile huiponya. Akahitimisha kwamba kinachomletea mtu mzima dalili za ugonjwa ndicho kinachouondoa ugonjwa huo kwa mgonjwa. Mwaka 1796 aliitangaza hoja hiyo, na mwaka 1810 akaitolea kitabu, Organon. Tiba ya homiopathia ilizaliwa hapo, ndani ya kikombe cha maji machungu.

Sisi wasemaji wa Kiswahili hoja hiyo haitupi shida kuielewa. Dawa ya moto ni moto. Nimemsikia muuzaji wa dawa hizi akiitumia methali hiyo kama ushahidi. Lakini methali hiyo ni ya ugomvi na ubabe. Nyumba ikiungua kwelikweli, tunaita maji.

Nasoma shahada ya uzamili ya historia, na gome hili ndilo linalonikesha. Nyumbani kwake ni milima ya Andes, Amerika ya Kusini. Wajesuiti walilipeleka Ulaya katika karne ya 17, na kwa muda mrefu likaitwa kwa jina lao. Katika karne ya 19 Waingereza na Waholanzi walitaka mbegu zake ili wasitegemee misitu ya watu wengine. Mbegu bora kuliko zote zilikusanywa Bolivia na Manuel Incra Mamani, mtu wa huko aliyeijua miti hiyo kwa kuitazama, akampa bwana wake Mwingereza, Charles Ledger. Mwaka 1865 zilipelekwa Ulaya, Waholanzi wakanunua sehemu yake na kuipanda Java. Kufikia miaka ya 1930 sehemu kubwa ya kwinini ya dunia ilitoka katika kisiwa hicho. Aina ile ya mti ikapewa jina la Ledger. Mamani alikamatwa alipokuwa akitafuta mbegu tena, akapigwa gerezani, akafa.

Katikati ya safari hiyo ndefu gome lilifika njia panda. Mwaka 1820, mjini Paris, wafamasia wawili, Pierre-Joseph Pelletier na Joseph-Bienaimé Caventou, walilichambua na kutoa ndani yake kitu kimoja kichungu chenye nguvu, wakakiita kwinini. Kabla ya hapo mtu alikunywa unga wa gome bila kujua ana nini kikombeni. Mti mmoja ulikuwa na dawa nyingi, mwingine kidogo, na mwingine ulikuwa wa aina tofauti kabisa uliochanganywa na wachuuzi. Baada ya hapo dawa iliweza kupimwa kwa mizani. Njia hiyo iliuliza swali moja tu: kiasi gani?

Hahnemann alishika njia ya pili. Mwanzoni alitumia dawa kwa vipimo vya kawaida. Alipoona baadhi ya wagonjwa wanazidiwa kabla ya kupata nafuu, akaanza kuzizimua. Chukua tone moja la dawa, litie katika matone 99 ya maji au pombe, utikise kwa nguvu. Toa tone moja hapo, litie katika matone 99 mengine, utikise tena. Rudia mara 30. Kipimo hicho huandikwa 30C, na wafuasi wake huamini kwamba kadiri dawa inavyozimuliwa na kutikiswa ndivyo nguvu yake inavyoongezeka.

Hesabu yake haihitaji maabara. Kufikia mara ya 12 hivi, tumaini la kukuta hata molekuli moja ya mti limekaribia kwisha. Kufikia mara ya 30, ili utarajie kupata molekuli moja ungelazimika kunywa maji yenye uzito unaopita uzito wa jua letu. Hahnemann hangeweza kulijua hilo. Alifariki Paris mwaka 1843, kabla ya mtu yeyote kukadiria ni molekuli ngapi zimo katika tone la maji. Sisi tunalijua.

Hata hivyo, mwanahistoria hana budi kuuliza kwa nini tiba hiyo ilipendwa. Mwaka 1854 kipindupindu kilipoikumba London, katika hospitali ya homiopathia ya mji huo walikufa wagonjwa kama 16 katika kila 100, ilhali katika hospitali ya Middlesex, iliyokuwa jirani, walikufa zaidi ya nusu. Takwimu hizo hutajwa mpaka leo, na sioni sababu ya kuzikataa. Lakini tazama walichokuwa wakipewa wagonjwa wa upande wa pili: kutolewa damu na kuharishwa, wakati miili yao tayari ilikuwa ikikauka kwa kukosa maji. Aliyelazwa kitandani, akaoshwa, akapewa matone ya maji, alikuwa na bahati kuliko aliyetibiwa kwa bidii. Homiopathia ilishinda kwa kutodhuru. Dhidi ya madaktari wa wakati ule, kutodhuru kulikuwa kazi kubwa.

Neno hilo, haina madhara, nililikuta tena Tanga mwaka jana, nyumbani kwa shangazi yangu. Mjukuu wake wa miaka minne alikuwa na homa tangu jana yake. Baada ya shikamoo na marahaba akanipa kichupa cha vidonge vidogo vyeupe alichouziwa dukani.

“Nisomee, mwanangu. Kimeandikwa China. Ni dawa ya Wachina, siyo?”

Kiliandikwa China 30C. Nikamweleza kwamba China hapo si nchi. Ni jina la Kilatini la gome la kwinini.

“Kwinini ile ile?”

“Ndiyo, shangazi.”

Akachukua kidonge kimoja, akakiweka ulimini, akakaa nacho kidogo. “Kwinini gani hii tamu?”

Nimesoma makala nyingi kuhusu ufanisi wa homiopathia. Mwaka 2015 baraza la taifa la utafiti wa afya la Australia lilichambua tafiti 176 kuhusu magonjwa 61, likasema hakuna hata ugonjwa mmoja ambao kuna ushahidi wa kuaminika kwamba homiopathia inautibu. Naiheshimu kazi hiyo. Lakini swali la shangazi lilifika palepale kwa ulimi tu. Kwinini ina uchungu ambao hakuna aliyewahi kuusahau. Nilipokuwa mdogo niliinywa, masikio yakavuma siku tatu kama nyenje wa usiku. Kama kidonge kina sukari tu mdomoni, basi kina sukari tu tumboni.

Tulimbeba mtoto hadi zahanati. Akatobolewa kidole, kipimo kikaonyesha malaria, akapewa dawa ya mseto. Shangazi alinunua kichupa kile kwa sababu zinazoeleweka. Dawa za hospitali huwatapisha watoto. Hii, aliambiwa, ni mitishamba na haina madhara. Sentensi hiyo ina mambo mawili, na yote mawili yanahitaji kutazamwa.

Kwanza, mitishamba. Watu wetu wanaweka kapu moja mwarobaini uliochemshwa na vidonge vya 30C, na sheria nayo, ya mwaka 2002, inasimamia tiba asili na tiba mbadala chini ya baraza moja. Lakini ni vitu viwili tofauti kabisa. Mwarobaini una kitu ndani yake: unaweza kusaidia, unaweza kudhuru, unaweza kuchunguzwa. Mganga anayechemsha mizizi anajua kwamba ikizidi mgonjwa ataumia, ndiyo maana ana kikombe chake cha kupimia. Lebo ya 30C huchukua heshima ya mti bila kuubeba mti wenyewe.

Pili, haina madhara. Si kila dawa ya homiopathia imezimuliwa mpaka ikaisha. Nyingine huzimuliwa mara chache tu, na hapo mmea unakuwamo. Nchini Marekani viliuzwa vidonge vya homiopathia vya watoto wanaoota meno, vilivyotengenezwa kwa beladona, mmea wenye sumu ambao hutoa atropini. Atropini si adui. Hospitali zetu humchoma nayo mkulima aliyesumika kwa dawa ya wadudu, lakini kwa kipimo kinachohesabiwa. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kuhusu vidonge hivyo mwaka 2010, ikaonya tena mwaka 2016, na Januari 2017 ikatangaza kwamba maabara imekuta kiasi cha beladona kinatofautiana, na pengine kinapita mbali kile kilichoandikwa kwenye lebo. Kwa hiyo mzazi alikuwa na hatari mbili katika rafu moja: chupa isiyo na kitu na chupa yenye kitu kisichopimwa. Lebo zote mbili zilisema dawa ya asili.

Kuna madhara ya tatu yasiyokaa ndani ya kidonge, nayo ni saa zinazopotea. Malaria kali kwa mtoto haingoji wiki. Mwaka 2009, baada ya vijana wanasayansi kuliandikia Shirika la Afya Duniani, wataalamu wake walisema wazi kwamba hawapendekezi homiopathia kwa malaria, kifua kikuu, UKIMWI wala kuhara kwa watoto. Kauli hiyo ilihusu sana nchi zetu, lakini miaka mingi baadaye shangazi alikuwa hajaisikia.

Nisieleweke kwamba naisifu njia ya mizani bila doa. Kwinini ilisaidia majeshi kuzitawala nchi zetu. Wajerumani walianzisha taasisi ya utafiti Amani, Usambara Mashariki, mwaka 1902, na miti ya kwinini ilikuwa miongoni mwa waliyoipanda. Katika Vita Kuu ya Kwanza, meli zao zilipozuiwa baharini, jeshi la Lettow-Vorbeck lilitegemea magome ya huko milimani. Dawa ilipopungua wakayachemsha na kunywa maji yake, wakayabatiza kwa mzaha jina la pombe ya jemadari wao. Kwinini ilikuwa na hatari zake pia. Robert Koch, aliyechunguza malaria Dar es Salaam katika miaka ya 1897 na 1898, alidai kwamba homa ya mkojo mweusi ililetwa na kwinini yenyewe. Mjadala huo uliwezekana kwa sababu kulikuwa na kitu cha kujadiliwa: miligramu, idadi ya siku, idadi ya wafu.

Kwa sababu hiyohiyo kwinini iliweza kushindwa. Chini ya milima ya Amani kuna mji wa Muheza, na hospitali yake ya Teule ilikuwa miongoni mwa vituo 11 katika nchi tisa za Afrika vilivyolinganisha kwinini na artesuneti kwa watoto 5,425 wenye malaria kali. Matokeo yalitolewa mwaka 2010. Waliotibiwa kwa kwinini walikufa asilimia 10.9, na waliotibiwa kwa artesuneti asilimia 8.5. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani liliiweka artesuneti mbele kwa watoto wenye malaria kali. Dawa hiyo mpya nayo ni mtoto wa mmea, artemisia, ambao Tu Youyou na wenzake walifanikiwa kuukamua dawa yake mwaka 1971 baada ya kusoma maandishi ya tiba ya kale. Na hao ndio Wachina kweli, ingawa kwenye lebo ya dawa hiyo hakuna neno China.

Gome la Hahnemann halijawahi kushindwa kwa namna hiyo. Vidonge vya China 30C vinauzwa leo kwa hoja ileile ya mwaka 1796, kwa sababu kitu kisichokuwamo hakiwezi kuzidiwa na kilichomo. Kwa mwanahistoria hiyo ndiyo tofauti kati ya njia mbili zilizotoka kwenye gome moja. Moja imebadili dawa yake zaidi ya mara moja, kila mara ikihesabu watoto waliokufa na waliopona. Nyingine haijahesabu.

Ningependa kichupa kama kile kiandikwe kwa Kiswahili, kwa herufi ambazo bibi anaweza kuzisoma bila miwani: jina la mmea, na kiasi chake. Kama kiasi ni sifuri, iandikwe sifuri. Mzazi wa Tanga anajua la kufanya na namba hiyo.