Njia Panda ya Ipole

Ukitoka Tabora ukaipita Sikonge, unafika Ipole, na hapo njia inagawanyika: moja ya Mpanda, nyingine ya Rungwa hadi Mbeya. Kila nikishuka kunyoosha miguu naikumbuka misafara ya zamani. Swali lao lilikuwa hilohilo: tupite wapi?

Tumezoea kudhani kiongozi wa msafara aliangalia umbali tu. Wapi! Kulikuwa na maji, chakula cha kununua, hongo, vita, mvua, na wapagazi wa Kinyamwezi waliotaka kuwahi kilimo kwao. Sasa niambie, siku moja ya kiu ni sawa na doti ngapi za nguo?

Mwaka 1871 Stanley alikwama Kwihara. Mirambo alikuwa ameifunga njia fupi ya Ujiji, na Agosti akaishambulia Tabora yenyewe. Wataalamu wa leo wangemshauri aunganishe mbinu mbili: kwanza achekeche, njia yenye vita itupwe; kisha zilizobaki azipe alama na kuzipanga. Naona ndivyo alivyofanya, bila karatasi. Septemba akazunguka kusini, Ugunda na Ukonongo.

Kuchekecha ni rahisi. Ugomvi uko kwenye alama: nani anazitoa? Kwenye mto Gombe nyama ya porini ilikuwa tele, watu wake wakataka kupumzika zaidi. Yeye alitaka Ujiji. Nusura bunduki zilie.

Na hongo nadhani aliipa uzito mdogo mno. Uha walimkamua nguo mpaka msafara ukaondoka usiku, kimyakimya, kukwepa kulipa tena.