Mbano na Mzibo: Historia ya Hedifoni Zilizofungwa

Katika vifaa vyote vya kusikilizia vilivyobuniwa tangu kuenea kwa simu mwishoni mwa karne ya 19, hedifoni zilizofungwa ndizo zinazoutegemea zaidi mwili wa msikilizaji ili zifanye kazi yake. Hedifoni huitwa zilizofungwa pale ambapo nyuma ya kikombe kinachofunika sikio pamezibwa kwa ukuta mzima, hivyo kwamba kiwambo, yaani utando mwembamba unaotetemeshwa na koili iliyozungukwa na sumaku, husukuma hewa iliyonaswa baina ya plastiki na ngozi ya binadamu. Mto wa kikombe ukikaa vyema juu ya ngozi hewa hiyo haina pa kutorokea, na sauti nzito, ambazo mafundi na wanamuziki huziita besi, husikika kwa ukamilifu. Lakini ukibaki upenyo mdogo tu, kwa mfano pale mkono wa miwani unapopita juu ya sikio, besi huvuja na muziki hubaki mkavu na mwembamba. Mzibo huo haupatikani bila mbano, yaani nguvu ya mkanda wa kichwa inayovisukuma vikombe viwili kuelekeana, na mbano huohuo ndio unaoumiza gegedu la sikio, mfupa wa taya na utosi. Kwa sababu hiyo, mhakiki anayetoa alama za sauti katika safu moja na alama za starehe katika safu nyingine anapima mara mbili jambo ambalo kimsingi ni moja, na historia ya vifaa hivi husomeka vizuri zaidi ikichukuliwa kuwa ni historia ya kuuhamisha mbano kutoka mahali pamoja kwenda pengine, kuliko ikichukuliwa kuwa ni safari iliyonyooka ya maendeleo.

Waliotangulia kuulalamikia mzigo huo hawakuwa wapenzi wa muziki, bali wafanyakazi. Katika miaka ya 1880 opereta wa simu nchini Marekani alilazimika kuwa na kipokezi sikioni na kinasa sauti mdomoni wakati mikono yake ikichomeka na kuchomoa nyaya za swichibodi, na suluhisho lililobuniwa na Ezra Gilliland lilikuwa chombo kilichokaa mabegani, chenye kipokezi cha sikio moja na uzito usiopungua kilo 4. Mwaka 1891 Mfaransa Ernest Mercadier alipata hataza ya vipokezi vidogo vya kuingizwa tunduni mwa masikio, vyenye uzito wa takriban gramu 50 na ncha zilizofunikwa kwa mpira ili kupunguza msuguano na kuzuia kelele za nje. Kwa maneno mengine, wazo la kuziba sikio ili lisikie vizuri lilikwisha kuandikwa katika nyaraka za kisheria kabla ya redio kuwapo. Huduma ya Electrophone, iliyoanza London mwaka 1895 na kuwapelekea wateja nyumbani sauti za majumba ya michezo ya kuigiza kwa njia ya simu, ilitumia vipokezi vilivyoshikwa kwa mpini chini ya kidevu, na labda ni heri msikilizaji wake hakutarajiwa kukaa navyo kutwa nzima.

Mabadiliko makubwa zaidi yalitokea baharini. Nathaniel Baldwin, fundi wa jimbo la Utah na muumini wa Kanisa la Wamormoni, alilipelekea Jeshi la Majini la Marekani jozi ya hedifoni zake mwaka 1910, na maofisa waliozijaribu wakakuta kwamba usikivu wake uliwashangaza hata wale waliozichukua kwa mashaka. Ndani ya kila kikombe Baldwin aliweka waya mrefu uliozungushwa kukizunguka kipande chepesi cha chuma kilichosawazishwa kati ya ncha za sumaku, akakiunganisha na kiwambo cha ulanga, hivyo kwamba mkondo dhaifu sana wa umeme uliotoka kwenye mtambo wa simu ya upepo, kama mawasiliano ya redio yalivyoitwa siku hizo, ulitosha kutoa sauti iliyoeleweka. Jeshi lilipotaka kuagiza nyingi lilijibiwa kwamba Baldwin angeweza kukubali oda za hedifoni 10 tu kwa wakati mmoja, kwa kuwa alizitengeneza jikoni kwake. Lililo muhimu zaidi kwa makala haya, hata hivyo, ni lalamiko lililofuata: mabaharia walisema kuwa sauti ni njema ila mkanda wa kichwa hauvumiliki. Baldwin aliubadili kwa kutumia nyaya mbili ngumu zilizofunikwa kwa ngozi, ambazo vikombe viliweza kuteleza juu yake kwenda juu na chini kulingana na kichwa cha mvaaji, na hakuona haja ya kuuombea hataza kwa sababu aliuhesabu kuwa jambo dogo. Sehemu aliyoidharau ndiyo iliyodumu, kwani muundo wa vipokezi vyake umekwisha kuachwa na watengenezaji wa hedifoni za kichwani, ilhali mkanda wa kurefusha na kufupisha umebaki karibu katika kila hedifoni inayouzwa leo.

Mnamo 1937 kampuni ya Eugen Beyer ya Berlin ilitoa DT 48, hedifoni iliyotumia koili inayotembea ndani ya sumaku, na ambayo iliendelea kutengenezwa hadi karne hii. Matumizi yake yalikuwa ya maabara, studio na vipimo vya usikivu, na kwa takriban miongo miwili hedifoni zilibaki kuwa zana ya mtu aliye kazini. Ni John C. Koss wa Milwaukee, akishirikiana na mhandisi Martin Lange, aliyezigeuza kuwa bidhaa ya sebuleni, pale walipoonyesha SP/3 mwaka 1958 ikiwa ni kiambatisho tu cha gramafoni ya kubebeka waliyotaka kuiuza. Wateja waliipita gramafoni wakaziulizia hedifoni, kwa sababu zilileta sauti ya stirio, iliyogawanywa kushoto na kulia, bila kuwasumbua waliolala. Toleo la Koss lililotamba zaidi, Pro4AA la mwaka 1970, lilikuwa na mito iliyojazwa majimaji ili ijikunje kufuata umbo la kichwa, nalo liliziba vizuri na kutoa besi nzito, lakini uzito wake ulikaribia nusu kilo. Hapo mbano ulikuwa umehamishiwa shingoni.

Kinyume chake kilitoka Ujerumani. Mwaka 1968 kampuni ya Sennheiser ilitoa HD 414, hedifoni ya kwanza kuuzwa ikiwa wazi, yaani yenye nyuma iliyoachwa ipitishe hewa na sponji ya manjano iliyogusa sikio kwa wepesi, na kwa kukubali kupoteza sehemu ya besi na faragha yote ikapata wepesi ambao haukuwa umewahi kuonekana. Sony ilifuata njia hiyohiyo tarehe 1 Julai 1979 ilipoanza kuuza Walkman, kicheza kaseti cha kubebeka, nchini Japani ikiwa na hedifoni za sponji za takriban gramu 50, wakati zile zilizozoeleka zilikuwa na gramu 300 hadi 400. Kwa hiyo hedifoni za kwanza kubebwa barabarani na umma hazikuwa zile zilizofungwa. Kasoro yake ilijulikana haraka na kila aliyepanda treni: kelele za nje ziliingia, msikilizaji akaongeza sauti ili azishinde, na sauti hiyo ikamfikia jirani yake ikiwa mlio wa matoazi usio na ngoma.

Hedifoni zilizofungwa zikarudi, safari hii zikiwa ndogo, na zilirudi tena kupitia kwa watu wa kazi. Aina mbili za miaka ya 1980 zinastahili kulinganishwa kwa kirefu, kwa kuwa ziligawana majibu yote mawili ambayo ufundi wa wakati huo uliweza kuyatoa. MDR-V6 ya Sony, iliyotoka mwaka 1985 na kufuatiwa mwaka 1991 na pacha wake MDR-7506 iliyokusudiwa wataalamu, huzunguka sikio lote. Vikombe vyake hukunjwa kuelekea ndani ya mkanda, waya wake ni wa kujisokota, na uzito wake bila waya ni takriban gramu 230. Mbano wake ni wa wastani, mto wake ni mwembamba, na sikio kubwa hugusa kitambaa kilicho mbele ya kiwambo baada ya saa moja au mbili. Sauti yake imeinuliwa upande wa sauti nyembamba, jambo linalomsaidia fundi mitambo kunasa mkwaruzo wa kinasa sauti au pumzi ya msemaji mapema, lakini linaloweza kumchosha anayesikiliza kwa burudani. HD 25 ya Sennheiser, iliyotoka mwaka 1988, haizunguki sikio bali hulilalia. Ina gramu 140 tu bila waya, mkanda wake hupasuka katikati kuwa mikanda miwili ili ugawe uzito na kushika kichwa kwa nguvu, na kikombe chake kimoja huzungushwa nyuma ya sikio ili mvaaji asikie chumba kwa sikio la pili.

Kwa kipimo cha mzani HD 25 ndiyo nyepesi, lakini wengi waliozivaa zote mbili kwa muda mrefu huiona HD 25 kuwa ndiyo inayoumiza, kwa sababu nguvu ya mkanda wake huangukia gegedu badala ya mfupa unaolizunguka sikio. Nguvu hiyohiyo ndiyo iliyowafanya wapiga picha za televisheni na ma-DJ waikumbatie, kwani haitoki kichwani mtu anapoinama, huzuia kelele za ukumbi kwa kiwango kisichotarajiwa kwa chombo kidogo hivyo, na besi yake hubaki imara hata pale ambapo spika za klabu zinatikisa sakafu. Uamuzi kwamba mojawapo ni bora hauwezekani bila kuuliza inavaliwa kwa muda gani na mahali gani, na wakati mwingine hata mvaaji ana miwani au la.

Njia ya kuutuliza mbano bila kuupoteza mzibo ilipatikana katika elektroniki, ingawa nadharia yake ilikuwa ya zamani. Mjerumani Paul Lueg alipewa hataza ya Marekani mwaka 1936 kwa wazo la kuifuta sauti kwa sauti nyingine iliyo kinyume chake, kilele cha wimbi moja kikikutana na bonde la wimbi lingine. Amar Bose, profesa wa Massachusetts Institute of Technology, alilirudia wazo hilo mwaka 1978 akiwa ndani ya ndege kutoka Ulaya baada ya kuona jinsi ngurumo ya injini ilivyozimeza sauti za hedifoni alizopewa. Mifano ya awali ya kampuni yake ilivaliwa na Dick Rutan na Jeana Yeager waliporuka kuizunguka dunia bila kujaza mafuta mwaka 1986. Hedifoni za marubani ziliingia sokoni mwaka 1989, na za abiria, QuietComfort, mwaka 2000.

Mfumo huu hufanya kazi vizuri zaidi kwenye masafa ya chini, yaani mitetemo isiyozidi takriban 1,000 kwa sekunde, ambayo ndiyo inayopenya kwa urahisi ukuta mwepesi wa plastiki. Mitetemo ya juu huachiwa kikombe na mto. Mgawanyo huo wa kazi ulivifanya vikombe viwe vyepesi na mikanda ilegee, kwa kuwa si lazima tena kichwa kibanwe ili injini isisikike. Gharama yake ilijitokeza pengine. QuietComfort 2 ya mwaka 2003 haikutoa muziki wowote betri yake ilipoisha, na baadhi ya watumiaji wa mfumo huu huhisi kama masikio yao yanasukumwa kwa ndani ilhali hakuna hewa yoyote inayoyasukuma.

Kuhusu sauti yenyewe, swali la nini kiitwe sauti njema lilichelewa kupata jibu la kitaalamu. Sean Olive na wenzake wa kampuni ya Harman, kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2010, waliwasikilizisha watu hedifoni nyingi bila kuwaonyesha jina wala umbo, wakakuta kwamba wengi hupendelea sauti inayofanana na ya spika nzuri ndani ya chumba kizuri, yenye besi iliyoongezwa kidogo. Utafiti wa Jeroen Breebaart wa mwaka 2017, uliopima hedifoni 283, haukuona uhusiano kati ya bei na mwenendo wa sauti katika masafa. Vipimo vya namna hii hutumia kichwa bandia, kama KEMAR iliyoanza kutumika mwaka 1972 na kuundwa kwa wastani wa vipimo vya watu wazima, nacho hakina nywele zilizosukwa, wala mtandio, wala miwani, wala jasho. Msikilizaji wa Mombasa au Dar es Salaam aliyevaa hijabu husikia hedifoni tofauti kabisa na ile iliyopimwa maabara, na ngozi bandia ya mito yake, ambayo huoza kwa unyevu, humenyuka upesi kuliko ile ya mteja wa nchi yenye hewa kavu na baridi.

Kuondolewa kwa tundu la plagi ya waya katika simu ya iPhone 7 mwaka 2016 kuliharakisha kugeuka kwa hedifoni zilizofungwa kuwa kompyuta ndogo zenye redio, betri na vinasa sauti kadhaa, na uzito wake mara nyingi umerudi kwenye gramu 250. HD 25 bado inauzwa, na kila kipande chake, kuanzia waya hadi kiwambo, hununuliwa peke yake na kubadilishwa kwa mkono. Hedifoni zisizo na waya, kwa upande mwingine, nyingi hufa pamoja na betri iliyofungiwa ndani ya kikombe. Kanuni ya Umoja wa Ulaya kuhusu betri, iliyopitishwa mwaka 2023, inataka betri za vifaa vya kubebeka ziweze kuondolewa na mtumiaji mwenyewe kuanzia tarehe 18 Februari 2027, na hivyo wabunifu wanatakiwa sasa kukifanya kikombe kifunguke bila hewa kupata mwanya wa kuvujia.