CT SCAN: MASHINE INAYOHESABU KABLA YA KUCHORA
(Historia ya vifaa vya hospitali, sehemu ya 6)



Wiki hii swali ni moja: "Nesi, mtoto kagongwa na bodaboda, daktari kaandika CT scan ya kichwa. Ile mionzi haitamharibu?" Nitajibu, ila tuanzie mbali kidogo, maana jibu limo ndani ya historia yenyewe.

Eksirei iligunduliwa Ujerumani mwaka 1895. Kwa mfupa uliovunjika ni nzuri sana, lakini inalaza kila kitu juu ya kingine. Damu ikivuja ndani ya fuvu, huioni.

Mwaka 1956, Hospitali ya Groote Schuur, Cape Town, mwanafizikia Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, alijiuliza: nikipitisha mionzi kutoka pande nyingi, siwezi kukokotoa kilichomo ndani? Akachapisha hesabu zake 1963 na 1964. Karibu hakuna aliyejali.

Hesabu yenyewe iko hivi. Chukua trei ya vikombe vinne vya maharage, viwili juu, viwili chini, kisha ifunike. Mstari wa juu una maharage 5, wa chini 9. Upande wa kushoto 6, kulia 8. Bado majibu ni mengi, si ndiyo? Nikiongeza kwamba cha juu kushoto na cha chini kulia jumla yake ni 5, jibu linabaki moja tu: juu 1 na 4, chini 5 na 4. Umejua bila kufunua! Ndiyo maana mashine inazunguka: kila upande unaongeza jumla nyingine.

Uingereza, injinia Godfrey Hounsfield alitengeneza mashine hiyo bila kujua kazi ya Cormack. Alijaribu kwa ubongo wa ng'ombe kutoka machinjioni, na jaribio la mwanzo lilichukua siku 9. Tarehe 1 Oktoba 1971, London, mgonjwa wa kwanza, mwanamke, alipigwa picha ya kichwa. Picha ilikuwa na vijumba 80 kwa 80, yaani 6,400, lakini uvimbe ulionekana. Mwaka 1979 wawili hao waligawana Tuzo ya Nobel.

Tatizo lilikuwa muda. Kila mzunguko ulichukua kama dakika 5. Mtoto gani atatulia hivyo? Mwaka 1989 ikaja mbinu ya kusogeza kitanda huku mashine inazunguka. Mwaka 1998 zikaja mashine za kuchukua vipande vinne kwa mara moja, kisha 16, kisha 64. Hapo mionzi ya pembeni inapita kimshazari, kwa hiyo hesabu za zamani zikabidi zirekebishwe, la sivyo picha inapotoka. Leo kichwa ni sekunde chache tu.

Huku kwetu, kwa miaka mingi CT scan ilimaanisha safari ya Bugando, Mwanza. Mchimbaji wa Geita aliyeangukiwa na mwamba alisubiri kivuko cha Busisi huku damu inavuja kichwani. Mwaka 2021 ulikuja mkopo wa UVIKO-19 wa shilingi trilioni 1.3, na sehemu yake ikanunua CT scan za hospitali za rufaa za mikoa.

Sasa jibu. Ndiyo, mionzi ya CT ni mingi kuliko ya eksirei, na mtoto anaathirika kirahisi kuliko mtu mzima. Hatari ni ndogo, lakini ipo. Ndiyo maana si kila nundu inahitaji CT. Ila akitapika mara kwa mara, akizimia, akipata degedege, akilegea na kusinzia isivyo kawaida, au akitoka damu au maji sikioni, damu iliyojificha ni hatari kuliko mionzi. Mkimbize.

Kompyuta mpya zinakisia picha, zinalinganisha na vipimo, zinasahihisha tena na tena, hivyo mionzi kidogo inatosha. Wewe uliza tu: "Mmepunguza kipimo kulingana na umri wa mwanangu?" Ni haki yako. Na kama una mimba, sema kabla hujaingia kumshika mtoto.

Sehemu ya 7: mashine ya oksijeni. Maswali weka hapo chini.