Wati 450 Juu ya Meza: Historia ya Kadi za Grafiksi na Joto Lake, Tukiwa Hapa Dodoma

Leo tuwaache mastaa wapumzike kidogo. Kuna kidude kimoja ambacho kila klipu ya harusi yenye madoido, kila video ya muziki unayoigombania kushea na kila gemu zito limepitia ndani yake, ila hakijawahi kupewa stori yake humu. Ni kadi ya grafiksi. Ile pande la mtu linalokaa ndani ya kompyuta ya mezani, lina feni mbili au tatu, na bei yake inaweza kununua kiwanja huko pembeni ya mji. Kama kawaida yetu, majina ya watu hatutaji. Stori tu.

Tuanzie mbali kidogo. Mwaka 1973 TANU iliamua makao makuu ya nchi yahamie Dodoma. Mwaka uliofuata, 1974, serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta na televisheni nchini. Sio utani. Kompyuta ya kwanza ya serikali ilikuwa imefungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, halafu kazi ya kuhamishia mahesabu kwenye mashine ikaenda kombo, hela ikapotea, wakubwa wakasema imetosha. Marufuku ilikuja kulegezwa katikati ya miaka ya 80. Stesheni za televisheni Tanzania Bara zimeanza mwaka 1994. Kwa hiyo wakati dogo wa Marekani anafungua kompyuta ya baba yake sebuleni aone kuna nini ndani, fundi wa huku alikuwa anajifunzia kwenye redio na amplifaya. Na mimi nasema hiyo haikuwa hasara tupu. Amplifaya ilimfundisha kitu kimoja ambacho ndio stori yote ya leo: umeme ukiingia mwingi, joto linatoka jingi, na lazima lipate njia.

Sasa njoo 1996. Kampuni moja ya Marekani, 3dfx, ikatoa kadi inaitwa Voodoo. Spidi yake ilikuwa megahezi 50, memori megabaiti 4. Haikuwa na feni. Ilikaa tu pale ndani imetulia kama mgeni. Na bado watu waliochezea gemu juu yake walichanganyikiwa, maana walikuwa hawajawahi kuona picha laini namna ile. Mwaka 1999 NVIDIA ikaja na GeForce 256, wakalitangaza neno GPU dunia nzima, na safari hii juu ya chipu kukawa na kifeni kidogo. Ukubwa kama kifuniko cha chupa ya uhai. Hapo ndipo vita na joto ilipoanza.

Katikati ya hapo kulikuwa na mchezo mwingine. Mwaka 1998 Intel walitoa prosesa ya bei chee, Celeron 300A, na vijana wakagundua kwamba ukibadili mpangilio mmoja tu kwenye bodi, kutoka 66 kwenda 100, prosesa ya megahezi 300 inakimbia 450. Bure kabisa. Umenunua Vitz, umeamka asubuhi ni Crown. Huo ndio mchezo unaoitwa kuovakloki, yaani kuisukuma mashine ipite spidi iliyoandikwa kiwandani, na ukahamia kwenye kadi za grafiksi moja kwa moja.

Ulihamia kwa sababu viwanda vilikuwa vinaacha akiba. Chipu hazitoki sawa. Nyingine inatoka ngangari, nyingine legelege, na kiwanda kinaandika spidi ambayo hata ile legelege itaiweza. Ukibahatika na ngangari, akiba yote ni yako. Bei ya akiba hiyo ni joto. Na hesabu ya joto haina huruma: ukiongeza spidi, joto linapanda kwa kiasi kilekile, lakini ukiongeza volteji, linapanda kwa mraba. Volteji juu asilimia 10, joto juu asilimia 21. Shika hii hesabu, tutaihitaji tukifika Dodoma.

Mwaka 2003 NVIDIA wenyewe walivuka mpaka. GeForce FX 5800 Ultra ilikuwa na feni yenye kelele mpaka wafanyakazi wao wakarekodi video ya kujicheka, wakaifananisha na ile mashine ya kupulizia majani bustanini. Kampuni kujitania hivyo, ujue hali ni mbaya. Mwaka 2008 utani ukaisha: walitangaza kutenga kati ya dola milioni 150 na 200 kwa ajili ya chipu za laptop zilizokuwa zinakufa, kwa sababu malighafi iliyoishikilia chipu ilikuwa inachoka kwa kupata moto na kupoa, kupata moto na kupoa. Ndio kipindi watu huko mtandaoni wakaanza kuoka kadi kwenye oveni kama keki ili zifufuke. Nyingine zilifufuka kweli, kwa wiki chache. Ule mtindo wa fundi kupiga chipu na bloa ya moto halafu anakwambia "imepona" umetoka humohumo, na mpaka leo watu wanaliwa hela. Mwaka 2010 ikaja GTX 480, wati 250, ikipita nyuzi 90 ikiwa kazini. Unachemshia chai.

Na sisi je? Chuo Kikuu cha Dodoma kilianzishwa 2007. Kebo ya SEACOM chini ya bahari ikawashwa Dar mwezi Julai 2009. Kompyuta za mezani zilizotumika, zile nyeusi za maofisi ya Ulaya, zikawa zinamwagika Kariakoo na kupanda basi kuja huku. Shida ya mashine zile ni pawa saplai. Ilitengenezwa kwa kazi ya ofisi, kuandika barua na kuprinti. Ukiichomekea kadi kubwa inazima katikati ya kazi, na wewe unailaumu kadi. Hapo ndipo wengi wa hapa mjini walipoanzia, na hapo ndipo kadi nyingi nzima zilipohukumiwa kuwa zimekufa. Kisha 2016 serikali ikaanza kuhamia kweli, 2018 Dodoma ikawa jiji, watu wakaongezeka, harusi, vikao, kampeni, semina. Kila tukio linataka video. Studio zikaota kama uyoga.

Kuna mtu mmoja lazima nimtaje bila jina. Ile programu ya bure ambayo karibu kila mtu anaitumia kupandisha na kushusha spidi ya kadi, MSI Afterburner, imejengwa juu ya kazi ya Mrusi mmoja aliyekuwa anaichonga tangu enzi za kadi za zamani. Mwanzoni mwa 2023 alisema hadharani kwamba malipo yake yamekwama karibu mwaka mzima kwa sababu ya mambo ya vita na vikwazo, anaendelea kwa muda wake mwenyewe tu. Kampuni ikajibu kwamba inatafuta namna ya kulimaliza. Fikiria hilo. Wakati ule dogo wa Nkuhungu alikuwa anasukuma kile kishale kulia kwake, na nyuma ya kishale kulikuwa na mtu mmoja anafanya kazi bila mshahara.

Ila kishale chenyewe kimepungua utamu. Tangu 2012, kwenye GTX 680, kadi zimeanza kujiovakloki zenyewe. Zinapima joto na umeme, kama kuna nafasi zinapanda, kama hakuna zinashuka. Ile akiba ambayo zamani ilikuwa yako, kiwanda kimeichukua kimeiuza ndani ya bei. Ukisukuma kadi ya leo mpaka mwisho unapata asilimia chache tu, na unalipa kwa kelele na bili ya LUKU.

Mwaka 2020 ikatoka RTX 3090. Wati 350, memori gigabaiti 24, nusu ya chipu za memori zimekaa mgongoni mwa kadi ambako hakuna feni. Wachimba sarafu za kidijitali wakazikimbiza usiku na mchana. Tarehe 15 Septemba 2022 Ethereum ikabadili mfumo wake, uchimbaji kwa kadi ukafa siku moja, na kadi zilizochoka zikamwagwa sokoni duniani kote kwa bei ya kutupa. Mitumba ya moto. Nyingine nzuri tu, nyingine pedi zake za kupitisha joto zimegeuka kuwa mafuta na vumbi.

Turudi Dodoma, maana mji huu una tabia yake. Tuko kama mita 1,120 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Dar kwa zaidi kidogo ya asilimia 10. Feni inazunguka vilevile, sauti ileile, ila kila mzunguko unabeba hewa pungufu, na joto pungufu. Hakuna anayekuandikia hilo kwenye boksi. Halafu kuna lile vumbi jekundu la kiangazi, upepo wa Agosti mpaka Oktoba, hakuna tone la mvua mpaka karibu na Desemba. Oktoba na Novemba mchana ni nyuzi 30 na ushee, na chumba chenyewe cha bati. Lakini Mungu si Athumani: Julai usiku tunashuka mpaka 13 au 14, na hewa kavu haileti kutu kama ya pwani. Wenye akili hapa mjini wanapanga kazi nzito usiku. Kiyoyozi cha bure.

Mwaka jana nilimsindikiza jamaa anayehariri video za harusi kwa fundi mmoja wa Majengo, mzee wa makamo, aliyeanzia kwenye redio. Kadi ilikuwa mtumba wa wati 350, imenunuliwa kwa hela ya ndugu watatu. Dalili: ukianza kutoa video, dakika kumi za kwanza safi, halafu inakuwa kobe, halafu skrini nyeusi na feni zinalia mpaka mwisho. Fundi mwingine alishasema chipu imekufa, anataka kuipiga moto. Na harusi ilikuwa imeshalipiwa, bibi harusi anapiga simu kila baada ya saa.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba wanangu. Imezima kabisa au inashuka kwanza?"

"Inashuka kwanza, mzee."

"Basi haijafa hiyo. Imekabwa."

Swali hilo moja lilifanya nusu ya kazi. Kompyuta ikizima ghafla na kujiwasha, mshukiwa wa kwanza ni pawa saplai. Ikishuka spidi taratibu, ni joto. Chenga za rangi zikionekana hata kabla Windows haijafunguka, hapo ndio uanze kuogopa, memori au chipu yenyewe ina shida. Mzee akaanza na nyaya: kadi ilikuwa inalishwa na waya mmoja wenye vichwa viwili, akaweka nyaya mbili tofauti. Akaiwasha, akafungua programu ya kusoma joto. Chipu nyuzi 74. Memori nyuzi 110. "Umeona? Kichwa kina baridi, miguu inaungua." Chipu inapoa, memori haipoi, kwa hiyo feni ni nzima na kosa ni pedi.

Akagusa chuma cha keisi kwanza, maana kiangazi huku mwili unabeba umeme tuli na unaweza kuua kadi kwa kidole. Akapiga bloa huku ameshika mapanga ya feni yasizunguke, kwa sababu yakizungushwa na upepo mkali beringi zinaisha. Likatoka blanketi la vumbi jekundu. Pesti kwenye chipu ilikuwa imekauka kama udongo wa Kikuyu. Pedi za zamani akazipima unene kabla ya kuzitupa. Hapo wengi ndio wanapobugi: pedi ikizidi nusu milimita tu, inanyanyua chuma chote, memori inapoa na chipu sasa ndio inaungua.

Jamaa akauliza kama sasa anaweza kuisukuma kidogo. Mzee akacheka, akafanya kinyume. Akashusha volteji kutoka 1.05 mpaka 0.85 na spidi akaipunguza kidogo sana. Ile hesabu ya mraba: kwa volteji peke yake, joto linapungua kama theluthi moja. Akaiacha itoe video saa nzima. Memori ikasimama nyuzi 86.

Tangu hapo kadi zimezidi kunona. RTX 4090 ya Oktoba 2022 ni wati 450, na mwezi uleule watu wakaanza kuposti picha za plagi zilizoyeyuka; NVIDIA walisema nyingi zilikuwa hazijachomekwa mpaka mwisho. RTX 5090 ya Januari 2025 ni wati 575. Hizo ni zaidi ya nusu ya pasi, inawaka masaa sita mfululizo, unit tatu na nusu, ndani ya chumba cha bati. Nilipomtajia mzee namba hiyo aliuliza swali moja tu, dirisha la chumba liko upande gani.

Video ya harusi ilitoka Ijumaa saa nane usiku. Bibi harusi analalamika kuhusu rangi ya gauni, ila hiyo sio kesi ya kadi.