Historia ya Kiunzi cha Django na Istilahi za Kazi ya Kujitolea

Madhumuni ya makala haya ni kueleza kwa ufupi jinsi kiunzi kimoja cha programu za wavuti kilivyojengwa na watu wa kujitolea, na kuonyesha namna majina waliyopeana watu hao yalivyoisaidia au kuizuia kazi yao. Tumeichagua historia hii kwa sababu mbili. Kwanza, vijana wetu wamekwisha kuingia katika kazi hiyo, nao wanahitaji istilahi za Kiswahili. Pili, historia yenyewe ni fundisho kwetu sisi tunaoshughulikia istilahi: jina la cheo likikosewa, hata kazi hupotoka.

Tuanze na neno lenyewe, kiunzi. Fundi wa jahazi huweka kwanza mkuku, kisha mataruma. Mbao za ubavuni hufuata baadaye. Programu za wavuti nazo zina mataruma yake: kupokea maombi ya msomaji, kutafuta habari katika hifadhidata, na kuzipanga habari hizo kwenye ukurasa. Mtaalamu asiyetaka kuyachonga upya kila anapoanza kazi hutumia kiunzi kilichokwisha kutengenezwa. Ndiyo sababu twalipendelea neno hili kuliko "mfumo", ambalo limekwisha kuelemewa na maana nyingi.

Kiunzi cha Django kilianzia Marekani, katika mji wa Lawrence, jimbo la Kansas, kwenye gazeti la Lawrence Journal-World. Mwaka 2003 Adrian Holovaty na Simon Willison, waliokuwa wakitengeneza kurasa za wavuti za gazeti hilo, walianza kutumia lugha ya kompyuta iitwayo Python. Kazi ya gazeti haingoji. Kwa hiyo waliyatenga mataruma yaliyohitajika kila mara, wakayaweka pamoja. Jacob Kaplan-Moss aliungana na kazi hiyo baadaye. Mwezi Julai 2005 kiunzi kilitolewa kwa umma kwa leseni ya BSD, inayomruhusu mtu yeyote kukitumia, kukibadili na kukigawa, mradi asiliondoe tamko la hakimiliki. Kilipewa jina la mpiga gitaa Django Reinhardt.

Tangu siku hiyo kazi haikuwa tena ya chumba kimoja. Watu wasiojuana walianza kuleta viraka, yaani masahihisho madogo ya msimbo. Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Lakini katika shamba la namna hii, nani agawe majembe, na nani akague palizi? Jibu lililopatikana lilikuwa la kiutaratibu. Kila kasoro huandikiwa hati yake, na hati hiyo hupita hatua zinazojulikana: haijakaguliwa, imekubaliwa, iko tayari kuingizwa. Aliyeandika kiraka haruhusiwi kukitangaza mwenyewe kuwa kiko tayari. Sharti mtu mwingine akisome kwanza. Kanuni hiyo ndogo ndiyo iliyowawezesha wageni kuaminiana.

Mwaka 2008 iliundwa asasi ya kukilinda kiunzi hicho, Django Software Foundation, na mwezi Septemba mwaka huo likatoka toleo la 1.0. Hata hivyo, maamuzi ya mwisho yaliendelea kuwa mikononi mwa Holovaty na Kaplan-Moss. Cheo chao, kilichozoeleka kwa utani miongoni mwa watengenezaji wa programu huria, chaweza kutafsiriwa "dikteta mwema wa maisha". Utani huo hausafiri vizuri. Msomaji wa Afrika aliyepata kusikia cheo cha "Rais wa Maisha" hatauona kuwa jambo la kuchekesha. Wenyewe, kwa hiari yao, walikivua cheo hicho mwezi Januari 2014.

Mwaka huohuo yalitokea mambo mawili yanayotuhusu. La kwanza lilikuwa la istilahi hasa. Hifadhidata moja inapoandikiwa habari, na nyingine zikainakili, lugha ya wataalamu ilikuwa ikiziita "bwana" na "watumwa". Mwezi Mei wajenzi wa Django waliyaondoa maneno hayo katika maandishi yao. Kwanza waliweka "kiongozi" na "mfuasi", kisha wakachagua maneno yenye maana ya "hifadhidata kuu" na "nakala". Palitokea mabishano makali, na wapo waliosema kuwa neno ni neno tu. Sisi watu wa pwani, ambao soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873 tu, hatuwezi kusema hivyo. Na tukiacha hisia kando, "nakala" hueleza kazi inayofanyika kwa usahihi zaidi.

La pili ni kwamba asasi ilianza kumlipa mtu wa kukagua viraka na kujibu hati, kwa sababu kazi hiyo isiyo na sifa ilikuwa ikiwachosha watu wa kujitolea. Ikadhihirika kwamba kujitolea peke yake hakutoshi. Shamba la ushirika nalo lahitaji mlinzi wa kudumu.

Mabadiliko makubwa zaidi yalikuja mwaka 2020. Kundi la "wajenzi wakuu" lilipiga kura ya kujivunja. Wengi wao hawakuwa wakifanya kazi tena, na cheo chenyewe kiliwafanya wageni wajione hawafai. Mahali pake pakawekwa kazi mbili zenye mipaka: mwunganishi, anayeingiza yaliyokwisha kukubaliwa na jumuiya, na mtoaji, anayetoa matoleo. Ubishi usiotatuliwa hupelekwa kwenye baraza linalochaguliwa. Hivyo jina la heshima liliondoka, likabaki jina la kazi.

Je, kazi ya namna hii tuiiteje? "Harambee" hukumbusha michango ya fedha. "Msaragambo" hukumbusha mbiu ya viongozi wa kijiji. Sisi twaona "kikoa" ndilo neno linalofaa zaidi, kwa kuwa huwataja watu waliokubaliana wenyewe kushirikiana kwa zamu, na kila mmoja hujua zamu yake.

Jambo hili si la mbali. Mwezi Novemba 2023 mkutano wa kwanza wa Afrika wa watumiaji wa Django ulifanyika Zanzibar, na wa mwaka 2025 ukafanyika Arusha. Kiswahili ni miongoni mwa lugha zenye faili la tafsiri ndani ya kiunzi hicho, na faili hilo huandikwa na watu wa kujitolea. Kijana anayekaa usiku kulitafsiri asipopata istilahi kutoka kwetu, atabuni zake. Mwenzake wa Nairobi atabuni nyingine. Na mtumiaji atachanganyikiwa.

Kwa hiyo twapendekeza kiunzi, kiraka, mwunganishi, mtoaji na nakala. Haya ni mapendekezo tu, nayo yanangoja ukaguzi. Katika kikoa hiki pia, aliyeandika kiraka hawezi kukitangaza mwenyewe kuwa kiko tayari.