Mhadhiri naye ashuke gatini Mokowe

KUNA kosa ambalo sisi wahadhiri huliita usomi. Tunaingia darasani na shehena ya istilahi, tunaibwaga, kisha tunashangaa wanafunzi wakiikwepa.

Nimelitenda kosa hilo miaka mingi. Nilifundisha mofolojia kwa kuanza na fasili: mofimu, mzizi, kiambishi, alomofu. Wanafunzi walinakili, wakanirudishia vivyo hivyo mtihanini. Ukiwapa kitenzi wasichokizoea wakichanganue, kimya!

Siku moja niliwapeleka Lamu. Tukisubiri boti katika gati la Mokowe, nahodha mmoja mzee aliwaonyesha mashua iliyopandishwa ufuoni. Akaupapasa mti wa chini. "Huu ni mkuku, wanangu. Ndio hulazwa kwanza. Mengine yote hushikana na huu." Akaonyesha fashini, kisha mataruma. Kila jina lilikuja mkono ukiwa juu ya kitu chenyewe. Binti mmoja akanigeukia: "Prof, kumbe mzizi wa kitenzi ndio mkuku!"

Hapo nikamkumbuka Ahmed Sheikh Nabhany, mwana wa Lamu aliyeaga dunia 2017. Kitabu chake, Sambo ya Kiwandeo, kilichochapishwa Leiden mwaka 1979, kinaeleza kwa ushairi jinsi chombo kinavyoundwa pamoja na majina ya sehemu zake. Mwaka 1985 akatoa Umbuji wa Mnazi, kuhusu mnazi na manufaa yake. Elimu iliyokuwa vinywani mwa mafundi na wakulima ikamfikia mwanafunzi wa chuo asiyewahi kushika tezo.

Nabhany huyo huyo ndiye aliyetupa runinga na tarakilishi. Maneno hayo yalishika Kenya. Tanzania wengi wanasema televisheni na kompyuta. Istilahi basi hailazimishwi, hata ikitoka kwa gwiji. Hukubaliwa na wenye kuitumia.

Wapo wenzangu wanaodai kwamba kurahisisha ni kuishusha hadhi taaluma. Siafiki. Nahodha wa Mokowe hakulikwepa neno mataruma, wala Nabhany hakuyaficha maneno ya mafundi. Walichofanya ni kumwonyesha msikilizaji kitu ndipo wakampa jina lake.

Siku hizi naanza somo kwa kuandika ubaoni: andika, andikia, andikiana, andikisha. Nawauliza wanafunzi ni nini kimebaki na nini kimebadilika. Wakishajibu wenyewe, ndipo nalitaja neno mzizi. Maswali yao yameongezeka, na baadhi yananishinda. Jamani, hiyo ndiyo raha ya ualimu.